Sheria iyadhibiti vipi maudhui yanayoshabikia ugaidi?

Mwalimu wa Langoni (Lamu):
Asalaam aleikum. Tangu mauaji ya Mpeketoni ya Juni 2014, hakuna mkazi wa kaunti hii asiyejua madhara ya maneno yanayowaita vijana kuua. Hata hivyo, mimi nafundisha historia, na wanafunzi wangu huziona video za al-Shabaab katika simu kabla sijawaeleza lolote. Je, sheria imwadhibu kila anayezihifadhi na kuzijadili, au imwandame mchochezi peke yake?

Wakili wa Malindi:
Waaleikum salaam, mwalimu. Kifungu cha 33 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kimekwisha kuweka mpaka: uhuru wa kujieleza hauhusu propaganda za vita wala uchochezi wa ghasia. Tatizo huanza Bunge linapouvuka mpaka huo. Sheria ya marekebisho ya usalama ya Desemba 2014 ilitaka kumwadhibu anayechapisha picha za maiti au majeruhi zinazoweza kuwatia watu hofu, na ikamtaka anayetangaza habari zinazoweza kuathiri uchunguzi wa ugaidi apate kwanza idhini ya polisi. Mahakama Kuu ilivibatilisha vipengele hivyo Februari 2015, na ilifanya vyema. Kwa maoni yangu, mtu atiwe hatiani pale tu inapothibitishwa kwamba alikusudia kuchochea na kwamba maneno yake yangeweza kweli kumsukuma mwingine atende. Amri ya kuyaondoa maudhui itoke kwa hakimu.

Mzazi wa Mkomani:
Ndugu wakili, hakimu atachelewa. Muuaji wa misikitini Christchurch, New Zealand, alipoyarusha mauaji yake mubashara Machi 2019, Facebook ilisema iliondoa nakala milioni 1.5 katika saa 24 za mwanzo. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya 2021 inazipa kampuni saa moja tu kuyaondoa maudhui ya kigaidi baada ya kupokea amri, nami naiunga mkono.

Mwalimu wa Langoni:
Mama, kwa video ya mauaji nakubali. Hofu yangu ni kuhusu malalamiko ya ardhi. Wanaowasajili vijana huanza na dhuluma ileile tunayoilalamikia barazani, na afisa mwenye haraka anaweza kuyahesabu malalamiko yetu kuwa uchochezi.

Wakili wa Malindi:
Ndiyo maana kanuni hiyohiyo ya Ulaya inayaacha nje maudhui ya elimu, habari, sanaa na utafiti, na inatamka kwamba maoni makali katika mjadala wa umma si maudhui ya kigaidi. Sheria yetu inapaswa kuyaandika hayo waziwazi.