Tupeane uzoefu: mliowahi kutumika na watoto katika kanisa la ugenini

Mleta mada

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Naomba tupeane uzoefu, hasa ninyi mliowahi kwenda umisheni nje ya nchi mkapangiwa huduma ya watoto. Naanza mimi.

Safari yangu ya kwanza ilikuwa ya wiki mbili. Tulibeba vikaragosi, spika, zawadi, na nyimbo za vitendo tulizozifanyia mazoezi miezi mitatu. Siku ya tatu watoto walijaa mpaka wengine wakakaa madirishani. Tukarudi nyumbani na ushuhuda mkubwa. Baadaye mwalimu wa shule ya Jumapili wa kule akatuandikia, kwa upole sana, kwamba watoto wamepungua kuliko hata kabla hatujaenda. Wanaokuja wanauliza vikaragosi viko wapi. Barua ile ilinichoma. Katika kupanga kwetu kote hatukumwuliza dada yule chochote, na kwa wiki zote mbili alisimama nyuma akitupangia viti.

Mara ya pili nilikwenda peke yangu, nikaketi naye benchi moja. Ndipo nikaliona daftari lake. Majina yote kayaandika kwa mkono, na mbele ya kila asiyefika kaweka sababu: mgonjwa. Amehama. Baba amekataza. Anamlea mdogo wake. Ibada ikiisha anashika daftari lake na kupita nyumba kwa nyumba. Ripoti yetu sisi ilikuwa na idadi ya waliohudhuria tu, basi.

Safari ile sikufundisha hata somo moja. Watoto wa miaka minne mpaka kumi na miwili walikuwa chumba kimoja, kwa hiyo nikawa natoka nje na wale wadogo tukipaka rangi picha za somo, yeye anabaki na wakubwa wakisoma Biblia kwa utulivu. Nikiambiwa nichague kati ya safari zile mbili, nachagua hii.

Mchangiaji wa kwanza

Asante mtumishi, umenigusa. Langu ni la kuinua mikono. Siku ya kwanza ya kambi niliuliza kupitia mkalimani nani anataka kumpokea Yesu, mikono yote ikaenda juu. Nikalia kwa furaha. Kesho yake nikauliza tena, mikono yote juu, na ya wale wale wa jana. Mchungaji mwenyeji akanivuta pembeni: "Mgeni ameuliza, nao wanaona ni heshima kukubali." Akaniomba niwaache wenye kiu ya kweli wamfuate mwalimu wao baadaye, na wazazi washirikishwe. Tangu hapo siandiki tena idadi ya waliookoka kwenye ripoti. Nasimulia somo, naketi nao, naacha kanisa lao liendelee.

Mchangiaji wa pili

Mimi nilijitolea miezi minne kwenye kituo cha yatima, sikitaji. Kulikuwa na binti aliyezoea kushika kidole changu tukienda kusali. Siku moja ya kutembelewa nikamwona anakimbia getini na kumkumbatia mwanamke. Mama yake mzazi, mzima kabisa, hana ada ya shule tu. Nikaanza kuuliza habari za wengine, na wengi walikuwa na mzazi au bibi.

Nilivunjika moyo kwa sababu nyumbani nilikuwa nachangisha kwa kusema "yatima". Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya 2009 kuhusu malezi mbadala ya watoto inasema wazi kwamba umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtoa mtoto kwa wazazi wake. Sasa kikundi chetu kinapeleka mchango kwa kanisa la pale, nao wanalipa ada mtoto akiwa kwao. Yule binti analala kwa mama yake.

Mchangiaji wa tatu

Nakazia mambo machache. Mtu mzima asibaki peke yake na mtoto, hata awe mtumishi mkubwa kiasi gani. Wawe wawili, mlango wazi. Picha ya mtoto usiirushe mtandaoni bila ruhusa ya mzazi. Na usimwahidi mtoto kwamba utarudi kama huna hakika. Mathayo 18:6, onyo kwa anayemkosesha mmoja wa wadogo, haikuandikwa kwa ajili ya watu wa nje pekee.

Jingine: Robert Raikes, mhariri wa gazeti kule Gloucester, Uingereza, alipoanzisha shule yake ya Jumapili mwaka 1780, watoto wale walikuwa vibaruani siku nyingine zote. Walifundishwa kusoma, na waliowafundisha walikuwa kinamama wa mji uleule, wakilipwa ujira. Kazi hii tangu mwanzo ni ya wenyeji.

Mchangiaji wa nne

Kwa hiyo mleta mada, wa wiki mbili wasiende kabisa? Maana si wote tunaweza kuwa kama mmisionari Amy Carmichael, aliyefika India 1895 na kukaa hukohuko mpaka alipofariki 1951.

Mleta mada

Waende mpendwa, ila waandike kwanza kwa mwalimu wa watoto na kumwuliza anahitaji nini. Mimi nilimwuliza yule dada kabla sijaondoka. Hakutaja spika wala vikaragosi. Aliomba mwalimu wa pili kutoka palepale kanisani, na vitabu vya kumfundishia huyo mwenzake. Sasa wako watatu. Juzi kanitumia picha ya daftari: la zamani limejaa, ameanza jipya, na mbele ya jina la yule aliyekuwa ameandikiwa "Baba amekataza" kuna alama ya kufika Jumapili tatu mfululizo.