Sanamu za kobe kwa mradi wa mtaa: wasanii wapewe uhuru kiasi gani, na rangi gani itadumu nje?

Mratibu
Habari zenu, wanajukwaa. Kamati yetu inaagiza sanamu kubwa za kobe za faibaglasi, zikiwa nyeupe tupu, ili kila moja akabidhiwe msanii mmoja wa mtaani aipambe, kisha zisimamishwe kando ya njia kwa miezi kadhaa na mwishowe ziuzwe kwa mnada. Baadhi ya wajumbe wanataka wasanii wote wafuate wazo moja, jambo ambalo nahofia litatuletea kobe wanaofanana. Naomba pia ushauri kuhusu rangi, kwa sababu sanamu zitashinda juani na kunyeshewa.

Mwalimu wa Sanaa
Ndugu Mratibu, umoja unaoutafuta tayari umo katika umbo lenyewe. Katika maonyesho ya mitaani ya sanamu za ng'ombe zilizopambwa na wasanii, Zürich mwaka 1998, na Chicago mwaka 1999 ambako ng'ombe walizidi 300, mitindo ilitofautiana mno, lakini mpita njia alitambua mara moja kuwa ni kundi moja. Dubu wa Berlin nao, walioanza mwaka 2001, wanajulikana kwa mikono yao iliyoinuliwa kuliko kwa michoro yao. Ningewabana wasanii katika jambo moja tu: rasimu ichorwe kwa kuzungushwa mwili mzima, kwa maana wengi huchora ubavu mmoja kana kwamba ni turubai, kisha hukwama mchoro unapofika kichwani na miguuni. Magamba ya kobe yana mipaka yake, na msanii asiyeitumia atapambana nayo hadi mwisho.

Mchora Mabango
Kuhusu rangi, kazi huharibika mapema zaidi kwenye maandalizi kuliko kwenye rangi yenyewe. Faibaglasi hutoka kwenye kalibu ikiwa na mabaki ya nta, kwa hiyo isafishwe kwanza, ndipo ipigwe msasa. Ukitanguliza msasa utaisambaza nta hiyo na rangi itabanduka vipande vipande. Ipakwe praima, yaani rangi ya msingi ya kushikisha zitakazofuata, kisha rangi za akriliki za matumizi ya nje. Rangi zinazong'aa kama taa ziepukwe, kwani jua huzififisha haraka, na wino wa kalamu za alama ujaribiwe kwanza pembeni, maana nyingine huyeyuka vanishi inapopita juu yake. Vanishi ya mwisho iwe ile ya magari inayochanganywa na dawa ya kukaza, ila mvuke wake una madhara kwa mapafu, hivyo mwachieni fundi wa rangi za magari mwenye barakoa inayofaa. Kobe ni mfupi, watoto watampanda mkitaka msitake. Mgongoni pasibandikwe kitu chenye ncha, na kila msanii ahifadhi rangi kidogo ya kurekebishia mikwaruzo.

Mratibu
Nawashukuru. Je, baada ya mnada, mnunuzi anaruhusiwa kuchapisha mchoro huo kwenye fulana au kadi?

Mwalimu wa Sanaa
Kwa kawaida, kununua sanamu hakumpi mtu hakimiliki ya mchoro, lakini msitegemee kawaida. Andikeni katika mkataba, kabla msanii hajashika brashi, kwamba hakimiliki inabaki kwake, kwamba kamati inaruhusiwa kutumia picha kwa matangazo ya mradi pekee, na kwamba gharama za vifaa na ujira wake vitalipwa hata kama sanamu haitapata mnunuzi. Jina lake liwekwe kwenye kibao cha msingi wa sanamu, si kwenye kijitabu cha mnada peke yake.