Nataka kuanza kuprogramu kutoka sifuri, nipate kazi za mtandaoni. Nianzie wapi?

Fundi simu, Tanga
Wakuu, habari za jioni. Nina miaka 26, natengeneza simu, elimu yangu kidato cha nne. Nimenunua laptopu ya mtumba, ramu GB 4, betri inakaa nusu saa tu. Nataka nijifunze kuprogramu ili nifanye kazi za wateja wa nje nikiwa hapahapa. Kuna mtu anataka nimpe shilingi 300,000 za kozi ya wiki sita, anasema kazi ya dola ni uhakika. Nikishafunga kibanda napata kama masaa mawili. Kwenye lugha za kuprogramu, nianze na Python au JavaScript? Na hela ya kwanza nitaiona baada ya muda gani?

Mwanafunzi, Dodoma
Mkuu, hiyo laki tatu weka bando. Tovuti ya mafunzo ya freeCodeCamp ni bure kabisa, na CS50, kozi ya utangulizi wa kompyuta ya Chuo Kikuu cha Harvard, unaisoma bure pia. Hakuna mwalimu wa kukuhakikishia mteja ambaye hata yeye hamjui.

Dada wa Kisauni, Mombasa
Ndugu yangu, nikueleze nilivyopita mimi. Nilikuwa keshia kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Nilianza 2019 na HTML, inayopanga yaliyomo kwenye ukurasa wa tovuti, kisha CSS ya rangi na mpangilio, kisha JavaScript ya kuufanya ukurasa uitikie ukibonyeza. Python si mbaya, ila kazi ndogondogo nilizokuwa nikiziona zilikuwa za tovuti, na ukurasa wa HTML unaufungua kwenye kivinjari bila bando hata kidogo. GB 4 inatosha.

Kilichonichelewesha ni video. Miezi mitano natazama tu: mwalimu anaandika, nami naandika, najiona nimeelewa. Siku niliyofungua faili tupu peke yangu, hata menyu sikuweza kuipanga. Nikaacha video, nikamtengenezea jirani yangu fundi wa nguo ukurasa wa bei zake. Wiki tatu nzima, ukurasa mmoja! Lakini hapo ndipo nilipojifunza. Alinilipa shilingi 2,000 za huku kwetu, mwezi wa nane tangu nianze.

Mteja wa nje nilimpata mwezi wa kumi na tano, baada ya maombi 31 kupita bila jibu. Jedwali la tovuti yake lilikuwa likitoka nje ya kioo cha simu. Nilimrekodia video ya dakika moja kumwonyesha tatizo liko wapi, kabla hajanilipa hata senti. Dola 40. Ujue pia majukwaa ya mtandaoni yanayokukutanisha na wateja yanakata: Fiverr huchukua asilimia 20, kazi ya dola 50 inakuachia 40. Mteja wa pili alinishawishi tufanyie nje ya jukwaa tukwepe makato. Nikamkabidhi kazi, akatoweka. Nililia. Usikubali kabisa.

Halafu hakikisha mapema kwamba njia ya malipo unayochagua inapokea pesa ukiwa Tanzania, siyo kutuma tu. Sisi Kenya tunatoa PayPal kwenda M-Pesa, usidhani kwako ni vilevile.

Na wewe una kitu ambacho mimi sikuwa nacho. Simu isipowaka hung'oi kila kitu. Unapima chaji, betri, swichi, kimoja kimoja. Kosa kwenye programu linatafutwa hivyohivyo.

Fundi simu, Tanga (siku 19 baadaye)
Dada, asante sana. Laki tatu sikutoa, nimenunua betri. Nimetengeneza ukurasa wa bei zangu za kubadilisha vioo. Kwenye laptopu picha zote zinaonekana, nikiupandisha mtandaoni kupitia GitHub, tovuti ya kuhifadhi faili za programu, moja haitokei. Jana nimekaa nayo hadi saa saba usiku.

Dada wa Kisauni, Mombasa
Hongera! Soma jina la hiyo picha herufi kwa herufi, kwenye folda na kwenye ukurasa. Windows haijali herufi kubwa wala ndogo, kule GitHub zinahesabika.

Fundi simu, Tanga
Kweli dada. Faili ni Kioo.JPG, mimi nimeandika kioo.jpg. Nimebadilisha, imetokea. Sasa nikifungua kwa simu ndogo, bei za upande wa kulia zinakatika. Nianze kupima wapi?