Naomba ushauri: taasisi ya hisani ya familia Marekani, ruzuku ziende Same

SameKwetu (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda huu. Marehemu mzee ameacha kwenye wosia dola 400,000 ziwe mtaji wa taasisi ya hisani ya familia, hapa Texas. Bodi itakuwa mama na sisi watoto watatu. Walengwa wako wilaya ya Same, Kilimanjaro: madarasa na matundu ya vyoo kwa shule ya msingi ya serikali, vifaa vya zahanati ya kanisa, na ada za vijana wanaokwenda VETA.

Naomba kueleweshwa haya. Kila mwaka tunalazimika kutoa kiasi gani? Dada atakuwa katibu, je, tunaweza kumlipa? Kaka ana chumba cha ofisi, anaweza kutupangisha kwa bei ya chini ya soko? Na fedha zifikeje Same bila kugombana na IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani?

Daftari_Kuu

Pole kwa msiba, mkuu. Naanza na hesabu.

Taasisi binafsi ya aina hii hutakiwa kugawa takriban asilimia 5 ya thamani ya mali zake kila mwaka. Chukua wastani wa thamani kwa mwaka mzima, tuseme 400,000. Toa asilimia 1.5 ambayo sheria inaichukulia kuwa fedha ya uendeshaji, yaani 6,000. Zinabaki 394,000, na asilimia 5 yake ni 19,700. Kodi ya mapato ya uwekezaji ni asilimia 1.39. Uwekezaji ukiingiza 16,000, kodi ni kama 222, nayo inapunguzwa kwenye kile mnachotakiwa kugawa. Inabaki kama dola 19,478.

Kiasi hicho si lazima kitoke mwaka huohuo. Mna hadi mwisho wa mwaka unaofuata. Mkichelewa zaidi ya hapo, kodi ya adhabu ni asilimia 30 ya pungufu, na msiporekebisha inafika asilimia 100. Mkitoa zaidi ya kiwango, ziada inabebwa mbele kwa miaka 5. Gharama halali za kuendesha ugawaji, kama ada ya mhasibu anayefuatilia ruzuku, zinahesabiwa humo. Gharama za kusimamia uwekezaji hazihesabiwi.

Makosa mengi yanatokana na thamani. Hisa na fedha taslimu hupigiwa wastani wa kila mwezi. Watu huchukua salio la Desemba peke yake, kisha mwaka ambao soko lilishuka wanajikuta wametoa pungufu.

Maombi ya msamaha wa kodi ni Fomu 1023, ada dola 600. Ipelekwe ndani ya miezi 27 tangu mwisho wa mwezi mliosajili, ili msamaha uhesabiwe kuanzia siku ya kwanza. Baada ya hapo ni Fomu 990-PF kila mwaka, hata kama hamkutoa senti. Kwa mwaka wa kalenda mwisho ni 15 Mei. Fomu hiyo ni ya wazi kwa umma: ruzuku zenu, wanabodi na malipo yao vyote vinasomeka.

Wakili_wa_Wosia

Swali la dada na kaka ndilo linaloangusha taasisi nyingi za familia, kwa sababu watu wanadhani bei nzuri inawaokoa. Haiwaokoi. Mfadhili mkuu, mwenzi wake, wazazi wake, watoto, wajukuu, vitukuu na wenzi wao, pamoja na wanabodi, wote ni watu waliozuiwa. Kununua, kuuza, kukopeshana au kupangishana nao ni marufuku, hata taasisi ikipata faida. Kaka atoe chumba bure, basi. Akitoza hata dola moja, yeye anatozwa asilimia 10 ya thamani ya muamala kwa kila mwaka, na asiporekebisha ni asilimia 200.

Dada anaweza kulipwa. Mlango uliobaki wazi ni malipo ya kazi ya kitaalamu iliyo ya lazima kwa taasisi, kama uhasibu, sheria au usimamizi, na yasizidi kiwango cha kawaida. Andikeni maelezo ya kazi, saa kwa wiki, na ulinganisho wa mishahara ya kazi kama hiyo, kabla ya kulipa. Dada asipige kura kwenye ajenda hiyo. Kwa mtaji wenu msitegemee mshahara wa wakati wote; ungemeza ruzuku yote.

Jambo jingine halitajwi sana: mwanabodi akiahidi kwa maandishi mchango wake binafsi kanisani, taasisi isiulipe kwa niaba yake. Huko ni kulipa deni la mtu aliyezuiwa.

RuzukuMkononi

Kwa upande wa Same, tenganisheni wapokeaji, maana njia hazifanani.

Shule ya serikali ndiyo nyepesi. Ruzuku kwa serikali ya nchi nyingine au chombo chake, ikiwa ni kwa hisani tupu, haidai utaratibu mzito wa ufuatiliaji wa IRS. Mkataba uwe na Halmashauri, fedha ziingie akaunti rasmi. Akaunti ya mwalimu mkuu au simu yake, hapana.

Zahanati ya kanisa ina njia mbili. Ya kwanza ni maoni ya kitaalamu ya maandishi, ya mwanasheria au mhasibu mwenye sifa, kwamba mpokeaji analingana na taasisi ya hisani ya umma ya Marekani. Ni ghali kwa ruzuku ya dola 7,000. Ya pili ni kubeba wenyewe wajibu wa kufuatilia matumizi, na kwa kiwango chenu ningeanza nayo:

Kabla ya kutoa, chunguzeni mpokeaji: hati ya usajili, viongozi, taarifa za benki, kazi alizowahi kufanya, na majina yapitishwe kwenye orodha ya vikwazo ya Hazina ya Marekani. Halafu mkataba uliosainiwa, unaosema kazi ya fedha, kurudisha kisichotumika, kutunza vitabu, kutoa taarifa kila mwaka, na kutogusa kampeni za uchaguzi wala ushawishi wa sheria. Fedha zikae kwenye fungu lake peke yake. Mwisho, ninyi mnaripoti ruzuku hiyo ndani ya 990-PF kila mwaka hadi iishe.

Taarifa isipokuja, simamisheni awamu inayofuata na muidai taarifa hiyo. Mkiendelea kulipa, ruzuku inageuka matumizi yanayotozwa asilimia 20 kwa taasisi.

Andiko la mradi lisipokelewe bila BOQ (mchanganuo wa vifaa na gharama za ujenzi), ankara kifani tatu, na bajeti ya shilingi. Mkiahidi kwa dola na bei ya saruji ikapanda, ujenzi unasimama kwenye lenta na hakuna aliyeandika nani anafidia. Gaweni kwa awamu, mfano asilimia 40, 40 na 20, na risiti za EFD (za mashine ya kodi) za awamu ya kwanza zitangulie ya pili.

Mpokeaji akiwa NGO, kanuni za Tanzania za mwaka 2018 zinamtaka apeleke kwa Msajili mikataba ya fedha inayozidi shilingi milioni 20. Ratiba iache nafasi hiyo.

SameKwetu

Nashukuru sana, wakuu. Upande wa VETA tayari tuna majina ya vijana sita, wawili ni watoto wa baba mdogo. Tulipe chuo moja kwa moja?

Wakili_wa_Wosia

Msilipe kwanza. Kulipa chuo huku mmeshachagua wanafunzi kwa majina kunahesabika kama ruzuku kwa mtu binafsi, nayo inahitaji IRS iidhinishe utaratibu wenu kabla. Ombeni pamoja na Fomu 1023. Mkiomba baadaye ni Fomu 8940, yenye ada yake. Siku 45 zikipita bila jibu, utaratibu unachukuliwa umekubaliwa hadi mtakapoarifiwa vingine.

Utaratibu ni vigezo: tangazo la wazi, alama, kipato cha kaya, kamati isiyo na maslahi, ripoti ya chuo kila muhula. Watoto wa baba mdogo hawamo kwenye orodha ya waliozuiwa, ila lazima washindane na vijana wote wa wilaya, na anayewahusu atoke chumbani. Mpwa wenu, mjukuu wa mzee, asiombe kabisa.

Njia mbadala: chuo kipewe ruzuku ya jumla na chenyewe kichague wanafunzi, ninyi msipeleke jina hata moja.

Daftari_Kuu

Naongeza: mkifungua akaunti ya benki Tanzania kwa jina la taasisi, salio likizidi dola 10,000 siku yoyote ya mwaka, kuna taarifa ya akaunti za nje, FinCEN 114. Ni rahisi zaidi kumtumia mpokeaji moja kwa moja kutoka Texas.