Leseni ya bima Texas inaisha mwisho wa mwezi ujao, masaa ya CE (mafunzo endelevu ya lazima) bado kabisa, nianzie wapi?

mtu_wa_pwani_DFW
Wakuu habari za jumapili. Niko Dallas huku, nina leseni ya bima ya maisha na afya, wateja wangu wengi ni watu wetu wa kanisani, msikitini na wale wa vikundi vya kuchangiana misiba. Leseni inaisha mwisho wa mwezi ujao, mwezi wangu wa kuzaliwa, na ndo mara ya kwanza narinyu (naihuisha leseni). Jamaa mmoja ofisini kasema ninunue tu ile pakeji ya bei chee, unasoma PDF unafanya mtihani wikiendi moja kwisha habari yake. Mwingine anasema hapana, nusu lazima iwe darasani, sasa mimi napiga shifti ya usiku wearhausi darasani naenda saa ngapi?? Halafu mwaka jana nilichukua na ile ya P&C ya magari na nyumba, ina maana napiga masaa 24 mara mbili yani 48? Na nikichelewa kidogo wananifutia au vipi. Tovuti ya TDI, idara ya bima ya Texas, nimeisoma mpaka kichwa kinauma, mwenye uzoefu naomba anisaidie

MamaTatu_Houston
Pole kaka, tulia kwanza, mwezi mmoja na kitu unatosha kabisa.

48 hapana. Ni 24 jumla kwa kipindi cha miaka miwili hata kama una leseni zote mbili. Ndani ya hizo 24, masaa 3 lazima yawe ya maadili (zamani yalikuwa 2, wakapandisha 2021) kwa hiyo ukiona pakeji ya zamani mtu kakutumia PDF ina masaa 2 ya maadili achana nayo. Na huyo wa pili ndo yuko sawa, nusu yaani 12 lazima yawe ya darasani AU zile za onlaini zinazohesabiwa kama darasa. Hapo kwenye "au" ndo pa kukuokoa wewe wa usiku, si lazima uende ukakae kwenye kiti hotelini na kahawa baridi, unafanya nyumbani kwa kompyuta. Ila kabla hujalipa angalia kila kozi imeandikwa aina gani, maana kuna pakeji zimejaa za kujisomea tu, unamaliza 24 zote halafu unakuta zilizokubalika kwa darasa ni sifuri, pesa imeenda na muda umeenda

Kuchelewa sasa. Kila saa ambalo hujafanya mpaka siku ya kuisha ni faini dola 50. Hesabu mwenyewe, ukikosa 10 ni dola 500, na hayo masaa bado utayafanya, faini hainunui masaa

kibarua_wa_Plano
Mama Tatu kamaliza, niongezee moja tu ambayo watu wengi huwaumiza. Cheti cha kozi kwenye imeili yako si kitu, kinachohesabika ni kile kinachoonekana Sircon, ule mfumo wa mtandaoni wa leseni na masaa. Mwenye kozi ndiye anayepeleka ripoti, wewe hupeleki, na akikosea namba yako ya leseni au jina (na majina yetu wanavyoyachapia hawa, Mohamed mmoja ana spelling nne) masaa yanaelea hewani. Niliwahi kumsaidia mtu wetu mmoja hapa, kozi zote kafanya mapema, vyeti vyote anavyo amevipanga kwenye folda kama mwalimu mkuu, Sircon inaonyesha zimepungua masaa manne. Kumbe kwenye fomu ya ile kozi namba moja imegeuzwa. Jamaa wa kozi wakamzungusha simu na imeili mpaka wiki ya mwisho ndo wakarekebisha. Kwa hiyo usiache kozi mpaka tarehe 28, maliza wiki mbili kabla, kila ukimaliza moja fungua traskripti yako (orodha ya kozi zako) uone imeingia

Na usirudie kozi ile ile ndani ya kipindi kimoja, haihesabiwi mara ya pili

Bwana_Mvua
Mimi napingana kidogo na hii biashara ya kutafuta tu masaa ya bei rahisi. Kama una P&C na uko DFW (Dallas na Fort Worth), chukua hata kozi moja inayoeleza diductible, yaani sehemu ya hasara mteja anayolipa mwenyewe kwanza, ya upepo na mvua ya mawe. Wateja wetu wananunua nyumba Forney, Anna, Princeton huko, wanaambiwa diductible asilimia 2 wanafikiri ni asilimia 2 ya hasara. Si ya hasara, ni ya thamani ya bima ya nyumba. Nyumba imekatiwa bima ya dola laki nne, mawe yakitoboa paa dola 8,000 za kwanza ni zako. Mtu akija kugundua hilo siku fundi wa paa yuko juu ya ngazi, hatakulaumu wewe kwa upole, atakusema kanisa zima. Na ya mafuriko ivo ivo, bima ya kawaida ya nyumba haigusi mafuriko, na ya serikali ya NFIP kwa kawaida inasubiri siku 30 ndo ianze, watu wa Houston waliyajua haya 2017 na kimbunga Harvey

Haya ndo masaa ya kulipia. Ile ya maadili fanya tu imalizike 😂

MamaTatu_Houston
@Bwana_Mvua hapo umenena. Ila usiitukane ya maadili bwana, nusu ya ugomvi naoujua kwenye komuniti ni ejenti kumbadilishia bibi wa watu mkataba wa bima wa zamani kwa mpya ili apate komisheni

kibarua_wa_Plano
Amina. Na @mtu_wa_pwani kama unauza anyuiti (mkataba wa bima unaomlipa mtu kipato cha mara kwa mara, mfano akistaafu) ujue kuna mafunzo yake ya ziada, uliza kampuni unayouzia kabla hujagusa fomu ya mteja

mtu_wa_pwani_DFW
Asanteni sana wakuu, nimeelewa. Anyuiti siuzi. Sasa swali la mwisho, nina leseni ya Oklahoma pia ya mkaazi wa nje maana nina wateja Tulsa, huko nako natakiwa masaa yao? na hivi kuna watu wanasema wazee hawafanyi CE kabisa ni kweli?

MamaTatu_Houston
Oklahoma ukiwa sawa Texas kwenu hawadai masaa, wanataka ada yao na urinyu kwa tarehe yao, hiyo tarehe iandike pembeni maana si lazima ilingane na ya huku. Wazee ni kweli, ukishakaa na leseni Texas miaka 20 mfululizo unaomba kusamehewa. Wewe una leseni tangu lini?

mtu_wa_pwani_DFW
2 years dada 😅 haya naingia Sircon saa hii kabla ya shifti

kibarua_wa_Plano
Kagua na anwani yako hapo hapo, kama ulihama ulitakiwa uwaambie ndani ya siku 30