Naomba ushauri: Barolo ya mwaka 2014, ninunue au niiache?

Mkazi wa Torino (mleta mada)

Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Mimi na mke wangu tulifunga ndoa mwaka 2014, na kwa kuwa sasa tunaishi Torino, kaskazini mwa Italia, nimepania kumfungulia siku ya kumbukumbu ya ndoa yetu chupa ya Barolo, mvinyo mwekundu wa huku, ya mavuno ya mwaka huohuo. Uwezo wangu hauvuki Euro 100. Muuza duka mmoja ameniambia waziwazi kwamba 2014 ulikuwa mwaka mbaya, nichukue ya 2016 ambayo kila mtu anaisifu. Tatizo ni kwamba ya 2016 nilishawahi kununua chupa mbili. Ya kwanza niliifungua siku ileile mbele ya wageni, ikawa na ukakasi wa kukausha ulimi kama mtu aliyeng'ata ndizi mbichi. Soda ziliisha, mvinyo ukabaki mezani. Ya pili bado ninayo. Sijui kosa lilikuwa la mwaka, la mtengenezaji au langu mwenyewe.

Pipa Kuukuu

Ndugu mleta mada, kosa lilikuwa la haraka. Barolo hutengenezwa kwa zabibu za aina moja tu, Nebbiolo, nazo huwahadaa wengi kwa sababu mvinyo wake una rangi hafifu, inayoelekea ya tofali kadiri unavyozeeka, ilhali ukakasi wake unaishinda mivinyo mingi iliyo myeusi kuliko huo. Sheria inautaka ukae miezi 38 kabla ya kuuzwa, 18 kati ya hiyo ndani ya mapipa ya mbao, lakini kuruhusiwa kuuzwa si kuiva. Wataalamu wanapousifu mwaka kama 2010 au 2016, mara nyingi wanasifu nguvu ya kudumu miongo kadhaa, jambo ambalo kwa mtu anayetaka kunywa leo ni karibu kasoro.

Ama kuhusu 2014, muuzaji wako amesema nusu ya habari. Kiangazi kilikuwa cha baridi na mvua nyingi, na baadhi ya mashamba yalipigwa na mvua ya mawe. Hata hivyo Nebbiolo huchelewa kuiva, huvunwa hadi mwezi Oktoba, na Septemba ya mwaka ule ilileta jua lililowaokoa wale waliokuwa wamekwisha kupita shambani mara kwa mara wakikata vishada vilivyooza. Kwa mwaka wa namna hiyo jina la mtengenezaji lina uzito kuliko tarakimu zilizo kwenye lebo. Nyumba ya mvinyo ya Giacomo Conterno, kwa mfano, ilitoa Barolo yake maarufu iitwayo Monfortino ya 2014, na hiyo ni chupa ambayo kwa bajeti yako wewe na mimi tutaishia kuisoma tu.

Mkulima wa Hombolo

Naunga mkono. Mimi natoka katika ukoo wa wakulima wa zabibu Dodoma, ambako tunavuna mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo habari hizi za kuukumbuka mwaka mmoja mmoja kama majina ya watoto zilinichukua muda kuzielewa.

Ningependa kuongeza suala la kijiji zinakotoka zabibu. Upande wa magharibi wa eneo la Barolo, La Morra na sehemu kubwa ya kijiji cha Barolo chenyewe, udongo ni tope gumu la rangi ya samawati na kijivu, na mvinyo wake hunukia mapema na kulainika mapema. Upande wa mashariki, hasa Serralunga d'Alba na Monforte d'Alba, ardhi ni ya kale zaidi, na mvinyo hutoka mkali na wa kusubiriwa. Tazama lebo ya ile 2016 uliyonayo: ikiwa ni ya Serralunga, wageni wako walionewa.

Mwenye Ghala

Hamjagusia mkono wa mtengenezaji ghalani. Wa jadi, kama Bartolo Mascarello na Giuseppe Rinaldi, waliacha maganda yalowe kwenye maji ya zabibu kwa wiki kadhaa, kisha wakaulaza mvinyo kwenye mapipa makubwa makuukuu yasiyoongeza ladha ya mti. Wapya walifupisha muda wa maganda na kutumia mapipa madogo ya lita 225 ya mwaloni wa Ufaransa, ili mvinyo ulainike upesi na kunukia vanila. Mwaka 1983 Elio Altare, mmoja wa hao wapya, aliingia ghalani kwa baba yake na msumeno wa injini akayakatakata mapipa ya zamani. Baba alimnyima urithi. Leo uadui huo umepoa na wengi wamekutana katikati, lakini uliza hata hivyo. Kwa mvinyo mwepesi wa 2014, mimi binafsi naogopa mti mpya, kwani huufunika kabisa.

Binti wa Tanga

Samahani kaka zangu, mbona mnamzungusha? Sherehe ni ya ndoa, haikuandikwa popote kwamba lazima iwe Barolo. Barbaresco iko jirani, ni Nebbiolo ileile, na mwaka 2014 ilipata mvua chache kuliko Barolo. Sheria yake inadai miezi 26 tu, na kwa kawaida huiva mapema. Chama cha ushirika cha Produttori del Barbaresco, kilichoanzishwa mwaka 1958 na paroko pamoja na wakulima 19, hufuata njia ya jadi na bei zake ni za huruma. Ukibakiwa na fedha, mnunulie dada maua.

Mkazi wa Torino

Nimeshawishika. Nimepata Barbaresco ya 2014 kwenye duka lenye stoo ya baridi, na chenji imerudi. Je, niimimine kwenye jagi saa ngapi kabla ya chakula?

Pipa Kuukuu

Isimamishe siku moja kabla ili mashapo yashuke chini. Ifungue saa moja au mbili kabla, onja kidogo, na uimimine taratibu bila kuitikisa. Mvinyo wa umri huo ukiurushia hewa nyingi, harufu yake inakwisha kabla ya mgeni kuketi. Usiupeleke mezani ukiwa na joto la jikoni.

Mkazi wa Torino

Asante sana. Na ile ya 2016? Nimesoma lebo: ni ya Serralunga.

Mkulima wa Hombolo

Ilaze mahali penye giza na baridi, umfiche shemeji ufunguo, tuonane hapa baada ya miaka kumi.