Naomba ushauri: mama yuko kwenye dayalisisi, damu haipandi na moyo umeanza kuathirika

Habari zenu wapendwa, wakubwa shikamooni.

Mama ana miaka 58, figo zimeshindwa kazi, anasafishwa damu kwa mashine (dayalisisi) mara tatu kwa wiki. Hemoglobini (kipimo cha wingi wa damu) imegota chini, kwenye 7.8, ingawa anachomwa sindano za eritropoietini, zile za kuchochea mwili utengeneze damu. Kipimo cha eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) kinaonyesha ukuta wa moyo upande wa kushoto umenenepa. Akipanda ngazi kidogo tu anahema, anashika ukuta. Kuongezewa damu tunakwepa, maana tunatarajia apandikizwe figo na damu ya watu huweza kuleta kingamwili za kuikataa. Vidonge vya madini chuma anameza, ila feritini, inayoonyesha akiba ya chuma mwilini, haijapimwa.

Daktari anataka kuongeza dozi ya sindano. Naogopa, kwa sababu hemoglobini ikipandishwa kupita kiasi kwa sindano hizo, hatari ya kiharusi huongezeka.

Je, tuombe feritini ipimwe kwanza? Na mliouguza, chuma cha kuwekewa mshipani kilisaidia?